SSD inapokufa na waranti imekwisha: okoa data kwanza, diski baadaye

Mwezi wa pili, kaskazi imekaza na feni ya mezani inapuliza joto tu, mama mmoja alivuka feri kutoka Likoni akanijia kwenye meza yangu ya ufundi Mwembe Tayari, Mombasa, na laptopu imefungwa ndani ya leso. Ni mpishi wa harusi, biriani na pilau za watu mia tano, mia nane. Akakaa kwenye stuli, akafuta jasho, akasema, "Mwanangu, humu mna oda zangu za miaka saba. Nani kanilipa, nani bado, nani alitaka mbuzi wangapi. Na waranti ilikwisha zamani. Sasa ndiyo basi?"

"Bado, mama," nikamwambia. "Lakini niambie kwanza, imewashwa mara ngapi tangu ianze kusumbua?"

Kumbe mpwa wake alishinda akiiwasha na kuizima jioni nzima, kisha akaiachia programu ya kurekebisha diski ifanye kazi mpaka alfajiri. Alifanya kwa nia njema. Ndivyo tulivyofundishwa sote zamani: kompyuta ikigoma, izime uiwashe, ikigoma tena, rekebisha, ikishindikana, fomati. Kwa SSD, ile diski ya kisasa inayohifadhi data kwenye chipu, ikianza kufa, mpangilio huo ndio unaoimaliza.

Swali la waranti hulisikia kwa karibu kila mteja, na naelewa linatoka wapi. Mtu anaona waranti kama mlango wa mwisho, ukifungwa amekwisha. Lakini waranti hulipa kifaa. Masharti yake kwa kawaida husema wazi kwamba data uliyoweka ni jukumu lako. Ungekuwa ndani ya waranti ungepewa SSD nyingine, tupu, na ile mbovu mara nyingi ingebaki kwa mtengenezaji pamoja na oda zako zote. Kile mama yule alichokiogopa kukipoteza, waranti isingekigusa hata ingekuwa hai. Na kuisha kwake kumemwachia kitu: hakuna stika ya kuogopa kuibandua, anaweza kufunguliwa mashine papo hapo mbele ya macho yake, na diski mbovu inabaki mali yake. Nitairudia hiyo diski mbovu mwishoni, maana ina neno lake.

SSD huitwa diski kwa mazoea tu. Ndani yake hakuna kinachozunguka. Ile ya zamani, yenye sahani na sindano, ilikuwa ikilia kabla ya kufa. Ulisikia tik-tik ukajua siku zinahesabika. SSD hufa kimya, na ndiyo maana watu hawaamini kuwa ni yenyewe. Kilichomo ni chipu za kumbukumbu aina ya NAND, teknolojia iliyotoka Toshiba ya Japani kwa kazi ya mhandisi Fujio Masuoka na wenzake, ikatangazwa mwaka 1987.

Fikiria mtungi wa maji. Seli moja ya SSD ni mtungi mdogo usioonekana kwa macho, na badala ya maji unahifadhi elektroni. Mwanzoni mtungi ulisomwa kwa namna mbili tu: una kitu au hauna. Kila seli ikabeba biti 1. Baadaye watengenezaji wakataka nafasi kubwa kwa bei ndogo, wakaanza kusoma vina tofauti ndani ya mtungi mmoja: vina 8 kwa seli ya biti 3, inayoitwa TLC, na vina 16 kwa seli ya biti 4, inayoitwa QLC. Katika mtungi wa namna mbili, maji yakipungua kidogo hakuna anayejua. Katika mtungi wa vina 16, kupungua kuleule kumeshageuza namba. Na kila unapoumwaga na kuujaza, ukuta wake unakonda. Ukuta huo ni utando mwembamba wa kuzuia umeme, na ukichoka, mtungi unaanza kuvuja.

Halafu kuna jambo jingine, na hapa ndipo penye fundo. SSD haiwezi kufuta neno moja na kuandika jingine mahali palepale. Waliosoma chuoni enzi za ubao wa mbao watanielewa upesi: ubao ukijaa unaoshwa wote, ndipo unaandikwa upya. SSD huandika ukurasa kwa ukurasa lakini huosha ubao mzima, na ubao mmoja una kurasa nyingi. Ukibadilisha jina la bwana harusi kwenye oda, ukurasa mpya unaandikwa kwingine kabisa, ule wa kwanza unawekwa alama kuwa umekufa, na baadaye kurasa zilizo hai zinahamishwa ili ubao uoshwe. Anayesimamia yote hayo ni chipu moja pembeni, kidhibiti, chenye programu yake ya ndani na ramani ya mahali kila kitu kilipolala. Huyo ndiye pia anayegawa kazi ili ubao mmoja usichakae kabla ya wengine.

Ramani hiyo ikipotea, chipu zaweza kuwa nzima, data yako yote imo, na asiwepo wa kuisoma. Kwenye diski ya sahani fundi aliweza kuvuta vipande kwa kufuata mstari. Hapa vipande vimetawanywa kama punje za mchele zilizomwagika, na SSD nyingi huvificha pia kwa msimbo unaojulikana na kidhibiti peke yake.

Kwa hiyo mtu akisema "SSD imekufa," huwa anataja mojawapo ya maradhi matatu yasiyofanana.

La kwanza ni kuchakaa kwa seli, na ndilo watu huliogopa zaidi bila sababu. Piga hesabu. SSD ya gigabaiti 500 ya kawaida, kwa mfano Samsung 970 EVO, imepimwa kuandikiwa terabaiti 300 katika maisha yake. Ukiandika gigabaiti 20 kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo, unafika terabaiti 7.3 kwa mwaka. Miaka 41. Mpishi wa harusi hawezi kuimaliza kwa kuandika oda. Anayekata video kila siku anaweza, na mwenye SSD ya gigabaiti 120 iliyojaa mpaka pomoni anaweza pia, kwa sababu kidhibiti kikikosa nafasi ya kupumulia huhamisha kurasa zilezile tena na tena.

La pili ni la kidhibiti na programu yake ya ndani, na hili halina adabu. Mchana inafanya kazi, jioni haipo. Mwaka 2019 kampuni ya HPE ya Marekani iliwatangazia wateja wake kwamba baadhi ya SSD za seva zingekufa zikitimiza saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, zisiposasishwa programu ya ndani. Namba hiyo ni 2 ikijizidisha mara 15. Yaelekea kihesabu cha saa kilijaa tu. Seli zilikuwa hazina ubaya wowote. Kwenye laptopu za kawaida utakutana na sura nyingine ya ugonjwa huohuo: diski za bei nafuu ambazo siku moja hujitambulisha kwa jina geni la SATAFIRM S11 na kusema ukubwa wake ni wa ajabu. Ukiona jina hilo, kidhibiti kimesahau kilikuwa nani.

La tatu ni mguso, na sisi wa pwani tulijue vizuri. Hewa yetu ina chumvi, na laptopu ikikaa karibu na dirisha linalotazama bahari, chumvi huingia na upepo. Kijana mmoja wa Tudor aliniletea laptopu isiyoona diski kabisa, mtihani wake ukiwa wiki ijayo. Niliichomoa SSD nikaitazama kwa taa: meno yake ya dhahabu yalikuwa na utando wa kijivu, na kwenye skrubu mlikuwa na kijani cha shaba. Nikaisafisha kwa spiriti ya isopropili na pamba, nikaacha ikauke, nikairudisha. Ikawaka. Kwa hiyo kabla hujamzika mtu, hakikisha amekufa.

Dalili zenyewe hujichanganya na za maradhi mengine. SSD mbovu hukwamisha mashine kwa sekunde nyingi huku kishale cha mausi kikitembea vizuri. Hukwama kwenye folda moja kila mara. Huleta ujumbe kwamba hakuna kifaa cha kuwashia, kisha ukijaribu tena baada ya saa moja inawaka kama hakuna kilichotokea. Kuna dalili moja ikija huna haja ya kubahatisha: unahifadhi kazi, unazima, ukiwasha kazi haipo, mafaili yamerudi yalivyokuwa jana. Hapo diski imejifunga, inakubali kusomwa tu. Ni rehema, ukiitumia. Lakini uzito wa kawaida tu, mashine kuvuta miguu mchana kutwa, mara nyingi ni diski iliyojaa, memori ndogo, au joto la laptopu iliyowekwa juu ya godoro.

Ikiwa bado inawaka, iulize yenyewe. Kwenye Windows tumia programu ya CrystalDiskInfo, kwenye Linux, mfumo mbadala wa Windows, tumia amri ya smartctl. Utapata daftari la afya ambalo diski hujiandikia. Kwa SSD za NVMe, zile za karibuni zenye kasi zaidi, tazama asilimia ya maisha iliyotumika, akiba ya ubao iliyobaki, ambayo huanzia 100 na kushuka, na makosa ya data, ambayo yafaa yawe sifuri. Tazama pia mara ngapi umeme ulikatika diski ikiwa kazini. Kwa laptopu isiyo na betri inayoshika chaji, namba hiyo hushtua. Daftari likisema mgonjwa, amini. Likisema mzima, usiamini moja kwa moja, kwa sababu kidhibiti kinachokufa hakijiandikii taazia.

Sasa rudi kwa mama wa Likoni. Nilimwomba anitajie folda moja tu ambayo akiikosa hatalala. Hakufikiri hata kidogo: "Oda." Ya pili? Picha za harusi alizopika. Ya tatu hakuwa nayo. Swali hilo ndilo tiba, kwa sababu diski inayokufa ina muda wa kusomwa usiojulikana, na muda huo usiuchezee kwa kunakili Windows, michezo na faili za muda.

Sikuiwasha kwa Windows yake. Windows ikiwaka huandika: kumbukumbu, masasisho, takataka ndogondogo, na kila uandishi hukisukuma kidhibiti kilichochoka kihamishe kurasa. Niliiwasha kwa Linux kutoka kwenye flashi, nikafungua diski yake kwa kusoma tu, nikachomeka diski ya nje. Folda ya Oda ilikuwa ndogo, haikufika gigabaiti 2, na kwa diski yenye afya ingekuwa kazi ya dakika. Ilichukua karibu saa moja. Inasoma, inanyamaza, inasoma. Mama amekaa kimya ananitazama mimi badala ya skrini. Ilipokwisha nikafungua faili tatu kuhakikisha zinasomeka, akaona jina la mteja wa mwaka juzi, akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya chini. Picha zilifika kama theluthi mbili, kisha diski ikatoweka. Nikaizima, nikaiacha ipoe, ikarudi mara moja nikapata chache zaidi, ikatoweka tena na hadi leo haijaonekana. Tungeanza na picha, oda zisingetoka.

Diski ikiwa bado na nguvu kiasi, chombo kizuri zaidi ni ddrescue kwenye Linux. Hunakili sehemu zenye afya kwanza, huruka zinazokwama, huweka ramani ya kilipofika, kisha hurudi kwenye zile ngumu mwishoni. Umeme ukikatika, unaendelea ulipoachia. Tofauti yake na programu za kurekebisha ni kwamba haiandiki chochote kwenye mgonjwa. Programu ya kurekebisha hubadilisha orodha ya mafaili ndani ya diski ambayo haiwezi tena kuandika sawasawa, na ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi usiku kucha kule Likoni.

Kufomati ndiko kubaya kuliko yote, na bado nawasikia mafundi wakiwaambia watu, "Nitafomati, kisha nitakurudishia." Kwenye diski ya sahani hilo lilikuwa na ukweli. Kwenye SSD, Windows ikifuta faili huipelekea diski ujumbe uitwao TRIM: kurasa hizi hazina kazi tena, waweza kuosha. Kufomati hupeleka ujumbe huo kwa eneo zima. Baada ya muda mfupi programu ya kurudisha mafaili haioni chochote ila sifuri. Mtu akikuahidi hivyo, funga laptopu yako uondoke kwa adabu.

Kisha kuna kufuli ambalo wengi hawajui kuwa wanalo. Laptopu nyingi za Windows hufunga diski kwa msimbo, BitLocker, zenyewe, mara tu mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo hukaa kwenye chipu ya usalama ndani ya bodi, kwa hiyo siku zote huulizwi. Chomoa diski uipeleke mashine nyingine, nayo itakutaka ufunguo wa dharura wa tarakimu 48. Nakala yake kwa kawaida imo kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuianzisha mashine. Hapa kwetu, ambako laptopu nyingi ni za mtumba kutoka Uingereza na kwingine, swali linalofuata ni zito: akaunti ya nani? Nimemwona mtu ambaye laptopu yake iliwekwa tayari na muuzaji kwa akaunti ya muuzaji, ili mnunuzi aikute inawaka. Muuzaji alishahama, barua pepe haikumbukwi. Diski ilikuwa nzima kabisa na hatukupata hata picha moja. Kwa hiyo leo, ikiwa laptopu yako ni nzima, ingia kwenye akaunti yako uutafute ufunguo huo, uuandike kwenye karatasi, uuweke na hati zako. Usipouona, kuna jambo la kufuatilia mapema.

Data ikishatoka, hofu imeondoka, na kununua diski ni kazi ya kawaida yenye mitego yake. Mtego mkubwa ni umbo. Laptopu za zamani hutumia SSD ya inchi 2.5, boksi bapa kama kadi za karata, yenye unene wa milimita 7, kwa njia ya SATA. Za karibuni hutumia kijiti kiitwacho M.2, na namba zake zinasomeka ukizijua: 2280 ni upana wa milimita 22 na urefu wa 80, zipo pia 2242 na 2230. Kijiti kirefu hakiingii kwenye nafasi fupi, hilo linaonekana. Lisiloonekana ni kwamba vijiti viwili vya umbo moja huzungumza lugha mbili. Kimoja ni SATA, kingine ni NVMe. Ipo soketi inayokubali zote mbili, ipo inayokubali moja tu, na muuzaji mwenye haraka atakwambia "hiyo ni M.2, itaingia." Itaingia, lakini haitaonekana. Mara nyingi cha SATA kina mikato miwili kwenye meno yake na cha NVMe mkato mmoja. Ila usitegemee mkato peke yake: fungua kwanza, soma karatasi iliyobandikwa kwenye diski ya zamani, au tafuta kitabu cha matengenezo cha modeli yako hasa, kwa namba iliyoandikwa chini ya laptopu. Nenda dukani Digo Road na diski mbovu mkononi.

Baadhi hazibadilishiki hivyo. Laptopu ndogo za bei ya chini hutumia kumbukumbu ya eMMC iliyochomelewa kwenye bodi. MacBook Air za 2013 hadi 2017 zina diski inayochomoka lakini kwa soketi ya Apple yenyewe, hivyo kijiti cha NVMe huhitaji adapta. Kuanzia ya 2018 hifadhi imechomelewa. Huko ni kazi ya mtu wa kuchomelea chipu, na mara nyingi bei yake haistahili.

Kasi isikuchanganye. SATA hufika karibu megabaiti 550 kwa sekunde, NVMe ya kizazi cha tatu 3,500 hivi, ya nne karibu 7,000. Ya nne ikiwekwa kwenye laptopu yenye soketi ya kizazi cha tatu hufanya kazi, kwa mwendo wa tatu. Kwa anayeandika, anayefanya hesabu na kufungua mtandao, tofauti kati ya hizi mbili za mwisho haitaonekana. Pesa yako ipeleke kwenye TLC badala ya QLC, na kwenye ukubwa utakaokuachia nafasi tupu.

Mtego wa pili ni bandia. Kuna SSD zinazojitangaza terabaiti 1 wakati ndani mna chipu ndogo tu na programu iliyofundishwa kusema uongo. Ukivuka ukubwa wake wa kweli, unaandika juu ya data yako mwenyewe bila onyo. Siku ya kwanza, kabla hujaweka kitu, ijaze yote na kuisoma yote kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Na fungua tena CrystalDiskInfo utazame saa za kuwashwa. Diski mpya haina saa elfu sita. Lipa kwa njia inayoacha alama, M-Pesa yatosha, na uombe risiti yenye namba ya diski, kwa sababu SSD mpya nzuri huja na waranti yake yenyewe ya miaka 3 au 5, hata laptopu iwe haina.

Kuifungua si kazi ya kutisha. Zima kabisa, chomoa chaja, fungua skrubu za chini na uzipange kwenye karatasi kwa umbo la laptopu, kwa kuwa huwa hazilingani urefu na ndefu ikiingia mahali pa fupi hutoboa. Banua kava kwa kadi ya plastiki. Kitu cha kwanza kuchomoa ni waya wa betri kwenye bodi, kabla ya kugusa chochote. Ukikuta betri imevimba, simama hapo hapo, uishughulikie hiyo kwanza. Usiibonyeze wala kuichokoa. Kijiti cha M.2 hushikwa na skrubu moja ndogo, na ukiifungua kinainuka chenyewe kwa mshazari kama kifuniko kilicholegea. Kivute kwa mshazari huohuo, ingiza kipya hivyohivyo, kilaze, funga bila kukaza mno. Kama cha zamani kilikuwa na kipande cha mpira wa kupitishia joto, kihamishe. Umeme tuli hausumbui sana kwa unyevu wa Mombasa kama usumbuavyo bara kavu, lakini gusa chuma kilichoungwa ardhini kwanza. Hapa kwetu adui ni jasho. Futa mikono, shika ukingo, na usiguse meno ya dhahabu.

Je, unakili diski nzima ya zamani au uweke Windows upya? Kama ya zamani ni nzima na unataka nafasi tu, nakili. Kama ilikuwa inakufa, mimi huweka upya kila mara. Ukinakili diski iliyougua unahamisha pia faili zilizooza, na utazigundua miezi mitatu baadaye. Wanaohofia leseni watulie: Windows iliyokuja na laptopu huwa imesajiliwa kwenye bodi, na ukiweka toleo lilelile, hujitambua ukiingia mtandaoni. Kuna kisa kimoja kitakachokutoa jasho: programu ya kuweka Windows inasema haioni diski yoyote, wakati BIOS, programu ya ndani ya laptopu inayowaka kabla ya Windows, inaiona. Kwenye laptopu za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, mara nyingi ni kipengele kiitwacho VMD. Pakua dereva yake kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, uiweke kwenye flashi, uipakie wakati wa kuchagua diski. Wala usirudi dukani kugombana na muuzaji. Na kwa kuwa Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu ya zamani isiyokubaliwa na Windows 11 ni bora iwekewe Linux siku hiyohiyo iliyofunguliwa.

Limebaki neno la diski ya zamani. Wapo wanaoiweka kwenye droo kama ghala: "picha zimo, nitazitoa siku nyingine." Kumbuka ule mtungi unaovuja. Kipimo cha shirika la viwango la JEDEC kwa SSD za watumiaji wa kawaida kinataka diski iliyofika mwisho wa maisha yake ishike data mwaka 1 bila umeme, kwa joto la nyuzi 30. Joto likizidi, muda unapungua. Chumba kisicho na kiyoyozi mjini kwetu wakati wa kaskazi kinazipita nyuzi 30 mchana kutwa. Droo si ghala.

Lakini pia si taka ya kutupa pipani. Ndani yake mna majina, namba za simu na madeni ya watu waliomwamini mama yule, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019 inayomwangalia pia mwenye biashara ndogo. Diski isiyoonekana haiwezi kufutwa kwa programu. Atakayeifufua kesho atasoma yote. Nikamwonyesha chipu nyeusi za kumbukumbu, mbili upande mmoja, nikamweleza kuwa hizo ndizo za kuvunjwa, na mabaki ayapeleke kwa wanaokusanya vyuma vya elektroniki. Hakutaka nimvunjie. Alizitazama, akaifunga ile diski kwenye pindo la leso, akapiga fundo.

Wiki iliyofuata alinipigia simu kuuliza habari za chaja, na kabla hajakata akaniambia ameifunga kwenye kitambaa kizito, akaitia kwenye kinu na kuitwanga kwa mchi mpaka chipu zikawa unga.